Kweli au Si Kweli? Mhandisi Ujenzi, Uendelevu na Vilima vya Matogoro

Kila likizo ndefu, vijana wanaosomea uhandisi ujenzi Mbeya, Arusha na Dar es Salaam hurudi mkoani Ruvuma kwa mafunzo ya vitendo. Utawakuta katika ofisi za TANROADS na TARURA, kwenye mamlaka ya maji ya SOUWASA, au saiti kwa mkandarasi, helmeti mpya kichwani na daftari la kazi mkononi. Daftari limejaa vipimo vya zege, michoro ya kalavati na idadi ya nondo. Habari za uendelevu, kama zimo, ziko kwenye utangulizi: sentensi mbili za heshima, kisha kazi inaendelea kama kawaida.

Siwalaumu. Somo lenyewe limezingirwa na madai ambayo watu huyarudia bila kuyapima, wahadhiri na mafundi kwa pamoja. Nimechukua yale yanayosikika zaidi hapa Songea na kuyapima moja baada ya jingine. Machache ni kweli.

"Uendelevu ni kupanda miti"

Si kweli. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalopotosha mengine yote. Mradi unakabidhiwa, mgeni rasmi anapanda mche, picha inapigwa, na ukurasa wa mazingira katika ripoti umekamilika. Sina ugomvi na mche. Ila mhandisi ana namna yake ya kuutazama msitu, nayo ni kuuingiza kwenye hesabu.

Vilima vya Matogoro, vilivyo pembeni tu mwa mji, ni chanzo cha mito mitatu: Ruvuma, Luhira na Luwegu. Ruvuma huenda hadi Bahari ya Hindi, na kwa sehemu kubwa ya safari yake ndio mpaka wetu na Msumbiji. Luwegu huelekea kaskazini, hukutana na Kilombero, na hapo ndipo Rufiji unapoanzia, mto unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo anayefyeka mteremko wa Matogoro anagusa maji ya kunywa ya Songea na, kwa mbali, taa za Dar es Salaam.

Sasa mpe mwanafunzi kazi: abuni kalavati ya barabara inayokatiza bonde moja chini ya vilima hivyo. Fomula ya mwanzo kabisa anayofundishwa kwa mabonde madogo huzidisha vitu vitatu: eneo la bonde, ukali wa mvua, na kigezo kinachoonyesha ni sehemu gani ya mvua itatiririka badala ya kuzama ardhini. Bonde lenye miombo iliyofunga lina kigezo kidogo. Likipimwa viwanja, nyumba zikaezekwa mabati na nyua zikasakafiwa, kigezo hupanda mara mbili au zaidi, na kalavati iliyokuwa ikitosha inakuwa ndogo bila mtu kuigusa. Mwanafunzi aliyeipiga hesabu hiyo mwenyewe haulizi tena msitu unamhusu nini. Anauliza jambo gumu zaidi: nibuni kwa bonde ninaloliona leo, au kwa bonde litakavyokuwa baada ya miaka 30? Swali hilo limo ndani ya haidrolojia ya kawaida. Halihitaji mgeni rasmi.

"Takwimu za mvua zipo vitabuni; tabianchi ni kazi ya watu wa hali ya hewa"

Si kweli. Moja ya njia za kukadiria mafuriko zilizotumika sana katika barabara za Afrika Mashariki ilitolewa mwaka 1976 na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, kutokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Ilikuwa kazi nzuri ya wakati wake. Lakini anayefungua majedwali ya zamani na kunakili namba bila kuuliza mvua hizo zilipimwa lini na wapi anafanya ukarani wa uhandisi, si uhandisi.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga. Njia ya lami iliyosalia ya kufika Mtwara ilikuwa ile ndefu ya kuzunguka Makambako, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi. Ghafla mitaro na makalavati ya Ruvuma yakawa mali ya nchi nzima. Ningekuwa mwalimu wa usanifu wa barabara, ningewapa wanafunzi ramani ya njia hiyo na kuwauliza: barabara ambayo ndiyo pekee inayobaki nyingine ikikatika, ibuniwe kwa mafuriko yanayotarajiwa mara moja katika miaka 25, au 50, au 100? Na nani alipe tofauti?

"Haya ni mawazo ya wafadhili, sisi tunaletewa"

Si kweli hata kidogo, na ushahidi uko safari fupi tu kutoka Songea, katika milima ya Mbinga.

Wamatengo wana kilimo chao kiitwacho ngolo. Masika yakikaribia kuisha, nyasi hufyekwa na kuachwa zikauke. Kisha hupangwa chini kwa mistari inayokatana, mteremko mzima ukagawanyika miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikia nyasi zile, na hivyo hupatikana tuta pande zote na shimo katikati. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu wa mvua unaofuata hupandwa mahindi. Nyasi zinaoza ndani ya tuta na kuwa mbolea. Mvua ikinyesha, kila shimo hupokea maji yake na tope lake. Maji hayapati nafasi ya kukusanyika, kukimbia na kuchimba makorongo. Mashimo yakijengwa upya, hayarudi palepale, bali huhamishwa, na tope lililonaswa hugeuka kuwa sehemu ya tuta jipya.

Simulizi, na watafiti wengi pamoja nazo, huunganisha ustadi huu na karne ya 19, Wangoni walipovamia na Wamatengo wakabanana milimani. Ardhi ndogo, watu wengi, mteremko mkali: ilibidi udongo ubaki pale pale. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walikuja Mbinga pamoja na wenzao wa Japani kuusoma mfumo huu, na sayansi yake imeandikwa vizuri.

Yote hayo yana nini na mhandisi? Mtazame anavyolinda ukingo wa barabara iliyochongwa mlimani. Anataka kupunguza kasi ya maji, kuyagawa kabla hayajakusanyika, na kunasa mchanga kabla haujaziba mtaro. Ngolo hufanya yote matatu kwa jembe. Linganisha na Uluguru, ambako serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miaka ya 1950. Udongo wa pale mwembamba haukuyapenda, watu walichoka kufanya kazi wasiyoiona faida yake, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Lengo lilikuwa lile lile la kuzuia mmomonyoko. Mfumo mmoja umedumu vizazi kwa sababu walioulima ndio walioubuni. Mwingine uliletwa na amri. Mwanafunzi wa uhandisi anayemaliza shahada bila kuijua mifano hii miwili amenyimwa nusu ya somo.

"Saruji nyingi ndio uimara"

Si kweli. Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha, hewa na usalama vinapokutana kwenye mfuko mmoja wa kilo 50.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Watu wengi hudhani hewa ya ukaa inatokana na makaa ya mawe tu. Sehemu kubwa zaidi hutoka kwenye jiwe lenyewe: kilo 100 za chokaa safi zikichomwa huachia kilo 44 za hewa ya ukaa, hata kama tanuri lingewashwa kwa jua. Ukijumlisha na moto, mfuko mmoja wa saruji huwa umeshatoa kilo 30 hadi 40 za hewa hiyo, kutegemea kiasi cha klinka (mawe hayo yaliyochomwa) kilichomo. Duniani, viwanda vya saruji huhesabiwa kuchangia karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Na moto wenyewe ni wa kwetu. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yamesafirishwa hadi viwanda vya saruji, kikiwemo cha Dangote kule Mtwara. Kwa hiyo mfuko unaofunguliwa Songea unaweza kuwa umepikwa kwa makaa yaliyopita hapa hapa Songea kwenye lori, yakaenda hadi pwani, yakarudi yakiwa saruji.

Je, mfuko wa ziada unaongeza uimara? Fundi akiona zege limekuwa zito, humwagia maji ili lilainike. Maji yakizidi, nguvu inashuka. Ukitoka kwenye uwiano wa nusu kilo ya maji kwa kilo ya saruji hadi robo tatu, unaweza kupoteza theluthi ya nguvu au zaidi. Ndipo mtu husema, "Injinia, tuongeze mfuko." Mfuko unaongezwa kurekebisha kosa lililofanywa na ndoo. Halafu zege linaachwa bila kumwagiliwa. Kiangazi cha Songea, Juni hadi Agosti, kina baridi na upepo mkavu. Mafundi hudhani kwa kuwa hakuna joto, zege halikauki. Linakauka, tena kabla halijakomaa, na uso wake huanza kupasuka mapema. Siku saba za magunia mabichi hugharimu maji na mtu wa kuyamwagia, ambavyo ni rahisi kuliko saruji yoyote.

Zipo pia saruji zilizochanganywa na majivu asilia ya volkano, posolana, ambayo Tanzania inayo Mbeya na upande wa Kilimanjaro. Zina klinka pungufu, kwa hiyo hewa ya ukaa pungufu. Huchelewa kupata nguvu siku za mwanzo, na hapo ndipo zinapopata jina baya kwa mkandarasi anayetaka kufungua mbao haraka. Kwa msingi na kuta, ambako hakuna anayekukimbiza, zinafaa sana. Zoezi la darasani ni jepesi: nguzo ileile, michanganyo mitatu, gharama, nguvu ya siku 28, na kilo za hewa ya ukaa, vyote kwenye jedwali moja. Safu ya mwisho ndiyo ambayo wanafunzi wengi hawajawahi kuombwa waijaze.

"Tofali la kuchoma ni la asili, kwa hiyo halina madhara"

Nusu kweli. Udongo ni wa hapa, mikono ni ya hapa, fedha inabaki kijijini. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 waliujua udongo huu, na karakana zao zikaja kufundisha waashi na maseremala kwa vizazi. Jengo la tofali lililotumika miaka 80 limeshagawa gharama yake kwa muda mrefu kiasi kwamba huwezi kulidharau.

Nusu ya pili iko kwenye tanuri. Tofali halikomai bila joto la karibu nyuzi 900 na zaidi, na tanuri la kienyeji linalowashwa kwa kuni hupoteza sehemu kubwa ya moto hewani. Kuni hizo ni miombo. Kwingine nchini, Kilombero na Mbeya, wafyatuaji hutumia pumba za mpunga. Mbinga ina maganda ya kahawa. Njia nyingine ni tofali la kufungamana linaloshindiliwa kwa mashine, udongo na saruji kidogo bila kuchomwa, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelitangaza kwa miaka mingi. Nalo halifai kila mahali: udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka, na tofali lisiloshindiliwa sawasawa hunyonya maji. Jibu sahihi la mtihani hapa huanza na "inategemea udongo", na mwanafunzi akiandika hivyo na kueleza jinsi ya kuupima, mpe alama zote.

"Jengo la kisasa ni vioo na viyoyozi"

Si kweli, na Songea iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari ndiyo mahali pa mwisho pa kulisema. Michoro inayoigwa kutoka Posta ya Dar es Salaam huleta joto ndani ya mji wenye baridi, kisha huleta mashine ya kuliondoa. Umeme upo, ndiyo: njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako iliyokamilika mwaka 2018 iliuondoa mji kwenye majenereta ya dizeli, na kabla ya hapo masista Wabenediktini wa Chipole walishajenga mitambo ya maji ya Tulila kwenye mto Ruvuma na kuiuzia TANESCO umeme. Kuwa na umeme safi si sababu ya kuupoteza kwenye dirisha lisilofunguka.

"Lami siku zote ni bora kuliko changarawe"

Inategemea nani anapita. Barabara ya changarawe huliwa: magari, upepo na mvua huondoa sentimita mbili tatu kwa mwaka, na kila baada ya miaka michache inabidi kuchimba kifusi kipya mlimani. Kwa hiyo changarawe iliyo "rahisi" inaweza kumaliza machimbo yote ya tarafa. Kwenye vilima vikali, kuweka zege mistari miwili ya matairi tu, au mawe yaliyopangwa kwa mkono, huokoa sehemu inayokwamisha magari bila kulazimika kuweka lami kilomita zote. Tanzania ina mwongozo wake wa barabara zenye magari machache tangu 2016, na unayaruhusu haya yote.

Lami nayo ina adui, na Ruvuma tunamwona kila siku akipanda mlima na tani za makaa ya mawe mgongoni. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kuanzia mwaka 1958 yalionyesha kuwa uharibifu huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Tafsiri yake kwa dereva: ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, uharibifu si asilimia 20 zaidi, ni mara mbili. Kwa hiyo mzani unaofanya kazi ni kifaa cha kulinda mazingira. Tabaka la lami lililopaswa kudumu miaka 20 likifa mwaka wa 10, kokoto, dizeli na lami yote italazimika kutumika upya. Sijawahi kuona mzani ukitajwa kwenye mada ya uendelevu, na naona ni upofu.

"Ongeza kozi moja mwaka wa mwisho, kazi imekwisha"

Si kweli. Hili ndilo dai la wakubwa, kwa hiyo ndilo linaloaminika zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilidai tathmini ya athari kwa mazingira, na vyuo vikaitikia kwa kuweka kozi ya tathmini. Ni vizuri. Ila mwanafunzi hufika kwenye kozi hiyo akiwa ameshabuni boriti, barabara na mfumo wa maji kwa miaka mitatu bila kuulizwa hata mara moja vitaishi muda gani, nani atavifanyia matengenezo, na vikibomolewa vitakwenda wapi. Kufikia hapo tabia imeshaganda.

Tangu Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973, mafunzo ya vitendo yamekuwa sehemu ya uhandisi wetu. Hilo ni hazina ambayo vyuo vingi vya nje havina. Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa inayolinganisha sifa za wahitimu wa uhandisi iliandika upya orodha yake na kuuweka uendelevu ndani ya usanifu wenyewe. Tunaweza kufanya hivyo bila kuongeza saa hata moja kwenye ratiba. Daftari la mafunzo ya vitendo liongezwe ukurasa: saiti imetumia saruji kiasi gani, mabaki yametupwa wapi, maji yametoka kisima gani, mtaro wa mwaka juzi una hali gani leo. Baada ya kuhitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka mitatu wa kumlea mhandisi kabla hajasajiliwa. Msimamizi wa hapo aulize maswali hayo hayo.

"Kilicho endelevu ni ghali, na anayeamua ni mwenye fedha"

Nusu ya pili ni kweli, na wanafunzi waambiwe mapema. Mhandisi kijana hatashinda ubishi na mteja kwa kutaja vizazi vijavyo. Atashinda kwa bei. Nusu ya kwanza hukanushwa na madaraja ya mawe. TARURA ilianza kuyajenga Kigoma kwa ushirikiano na Ubelgiji, kisha yakaenea mikoa mingine, na wakala huo umeeleza kuwa gharama hushuka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na daraja la zege. Sababu ni ya kihandisi tupu: katika tao, kila jiwe linasukumwa na wenzake, hakuna linalovutwa, kwa hiyo nondo hazihitajiki. Nondo zisipokuwepo hakuna kutu, na kutu ndiyo huanza kuua madaraja ya zege.

Tao lina masharti yake. Linataka msingi usiozama, linataka mapana ya wastani, na linataka mwashi anayejua kuchonga. Linataka pia mtu wa kulipigia hesabu, na hapo ndipo penye pengo, kwa sababu mitaala yetu ya miundo imejaa zege na chuma, na tao la mawe hutajwa kama historia ya Warumi. Mhadhiri mmoja, mchana mmoja, uzi uliofungwa ncha mbili na kuachwa ulegee ubaoni: umbo hilo likigeuzwa juu chini ndio mstari ambao nguvu hufuata ndani ya tao. Baada ya hapo mwanafunzi apewe kijito halisi cha Namtumbo au Mbinga, bei za mawe na saruji za mwezi huo, na aandike makadirio mawili.